Umbo Kwanza, Hesabu Baadaye: Bi Kipande Anatuaga

Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa tisa, saa kumi jioni, mhandisi wetu mkuu wa joto atarudisha kitambulisho chake getini baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kazi. Kwenye faili la ajira ana majina matatu kamili. Humu ndani, kuanzia mkurugenzi hadi wapakiaji, tunamwita Bi Kipande, na mgeni anayemtafuta kwa jina la kwenye faili huzungushwa jengo zima bila kumpata.

Nimeombwa kuandika haya kwa sababu meza yangu imetazamana na yake kwa miaka kumi na tisa. Mimi ni mchoraji. Nikimaliza mchoro, ulikuwa unavuka hatua mbili tu kufika kwake, na mara nyingi ulirudi siku hiyohiyo ukiwa na alama ya kuuliza ya kalamu nyekundu. Kalamu yenyewe kwa kawaida ilikuwa yangu. Bi Kipande ana sifa nyingi, ila kurudisha kalamu ya mtu si mojawapo.

Kwa ndugu na wageni mtakaokuwa nasi siku hiyo kumuaga, acha nieleze kidogo kazi yake. Karakana hii inatengeneza vitu vya kupasha na kupoza: matangi ya maziwa, matanuri ya mikate, maboila ya hospitali, majokofu ya chanjo. Kabla fundi hajakata bati hata moja, Bi Kipande huliingiza umbo la kitu hicho kwenye kompyuta ili aone joto litapita wapi. Kompyuta huligawa umbo katika vijumba vidogo vidogo, kisha hupiga hesabu ya joto linaloingia na kutoka katika kila kijumba. Vijumba vikiwa vingi mno, kompyuta inaweza kuhema wiki nzima. Vikiwa vichache, au umbo likiwa limekatwa vibaya, inakupa jibu la haraka, zuri, la uongo. Kwa hiyo swali lake la kwanza kwa kila kazi lilikuwa lilelile: “Kipande gani kinatosha?” Jina lilitoka hapo, na hakulikataa.

Alianza kama mchoraji msaidizi, wakati michoro ilikuwa ya penseli na kosa dogo lilimaanisha kufuta mpaka karatasi itoboke. Mkurugenzi wa kwanza alimwajiri kwa miezi mitatu, kushikilia nafasi ya mtu aliyevunjika mguu. Mguu ulipona, mtu akarudi, ila hakuna aliyethubutu kumwambia msichana yule aondoke, maana alikuwa ameshagundua kwamba boila moja lilikuwa likichomwa kuni maradufu kwa sababu ya mlango usiofunga vizuri. Wakampeleka kusoma. Akarudi na shahada, mume na mtoto wa miezi saba, kwa mpangilio ambao yeye mwenyewe husema tusiuchunguze sana.

Mume wake ni fundi cherehani, na elimu ya chuo kikuu ilipogoma kueleweka karakanani, Bi Kipande aliazima ya mumewe. Siku moja wachomeleaji walimuuliza kwa nini ameigiza nusu tu ya tanuri kwenye kompyuta, nusu nyingine kaiogopa? Akachukua kitambaa cha kufutia mikono, akakikunja katikati. “Fundi akikata mgongo wa shati hukunja kitambaa, anakata mara moja, anafunua, pande mbili zimetoka sawa. Tanuri hili kushoto na kulia ni pacha. Kwa nini nikate mara mbili?” Mchomeleaji mmoja, mbishi wa kuzaliwa, akamwuliza mfuko wa shati nao unakatwaje. Bi Kipande akacheka. “Mfuko upo upande mmoja, kaka. Ukikunja hapo umeumia.”

Hivyo ndivyo alivyotufundisha sote, hata sisi tusiojua hesabu zaidi ya zile za shule. Ukuta mrefu wa chumba cha baridi unaweza kuuhesabu kama unatoboa tundu moja kutoka nje hadi ndani, maana joto linanyooka tu. Bomba jembamba lenye blanketi nene la kuzuia joto usilitandaze kama ukuta, kwa sababu sehemu ya nje ya blanketi ni kubwa kuliko ya ndani na joto linapata pa kutawanyikia. Tangi la mviringo likate kama unavyokata keki, kipande kimoja chembamba kitakusimulia habari za tangi lote. Lakini kona, pale kuta tatu zinapokutana, haina njia ya mkato. Kona ina tabia zake.

Habari ya keki ilimfika mwenzetu tunayemwita Daktari. Alikuja kwetu na shahada ya uzamivu na kompyuta yake mwenyewe, akapewa tangi la maziwa la lita elfu tano. Alilichora lote: kila bolti, kila skrubu, mpaka maandishi yaliyogongwa kwenye kibao cha chuma. Kompyuta ikafanya kazi siku kumi na moja. Ikawa inapiga kelele kama mashine ya kusaga, tukaifungulia madirisha. Siku ya kumi na mbili umeme ulikatika, hesabu yote ikapotea.

Daktari alijishika kichwa kwa mikono miwili. Bi Kipande akavuta kiti, akachora kwenye bahasha ya zamani kipande chembamba cha tangi, kutoka katikati hadi ukutani, kisha akakiingiza kwenye kompyuta yake kuukuu. Jibu likaja baada ya dakika arobaini. Daktari alilitazama, akatazama bahasha, akasema, “Na bolti zangu mia tatu na sitini?” Akajibiwa kwa upole, “Zipumzishe, mwanangu. Joto lenyewe halikuziona.” Leo Daktari ndiye mkuu wa idara yetu, na bahasha ile ameitia fremu.

Ningeweza kuishia kwenye vichekesho, na najua wengi wangependa. Lakini kuna jambo moja nimekaa nalo miaka kumi na mmoja, na wiki iliyopita nilimwomba ruhusa nilieleze. Alinijibu, “Andika, ila usinifanye malaika.” Nitajitahidi.

Mwaka ule tulipata kazi ya majokofu sitini na mawili ya chanjo, kwa ajili ya zahanati za mbali. Jokofu la chanjo halina mzaha: ndani lazima joto libaki kati ya nyuzi mbili na nyuzi nane. Likipanda, chanjo inaharibika. Likishuka chini ya sifuri, zipo chanjo zinazoganda, na zikishaganda hazifai tena. Bi Kipande alitazama mchoro, akaona bomba la baridi linaingia katikati ya ukuta wa nyuma, kushoto na kulia pacha. Akakunja kitambaa. Aliigiza nusu ya kulia, majibu yakatoka safi. Tukatengeneza jokofu la majaribio, tukapanga vipimajoto upande wa kulia, ule uliohesabiwa, na vyote vikasoma nyuzi nne, nyuzi tano. Karakana ikapiga kazi wiki saba. Asubuhi ya kusafirisha, malori matatu yalikuwa uwanjani na majokofu arobaini yalikuwa yameshapandishwa.

Mlinzi wetu wa zamu ya asubuhi, Afande, alikuwa na mazoea ya kuweka chupa yake ya maji ndani ya lile jokofu la majaribio. Kila mtu alijua, hakuna aliyemkataza. Saa nne hivi akaingia ofisini kwetu, akaigonga chupa mezani kwa Bi Kipande, nayo ikalia ko!

“Bi Kipande, mimi niliweka maji ya kunywa, si jiwe la kujengea.”

Sote tukacheka. Yeye hakucheka. Aliishika ile chupa, akaigeuza.

“Uliiweka wapi?”

“Kona ya nyuma, kushoto. Nitaiweka wapi, na kulia mmejaza nyaya zenu?”

Chai yake ilikuwa haijafika nusu. Aliiacha pale, akachukua vipimajoto sita na kushuka ngazi karibu kwa kukimbia. Kufika saa saba mchana alikuwa amepata anachokitafuta: kona ya nyuma kushoto ilikuwa nyuzi moja na nusu chini ya sifuri. Akapiga magoti, akapitisha mkono nyuma ya jokofu, akalipapasa bomba. Halikuwa katikati. Liliingilia kushoto.

Kikao kiliitishwa papo hapo. Mkuu wa mauzo alikuwa amewaahidi wateja, madereva walikuwa wakipiga honi nje, na alisema kwa sauti ambayo hata uwanjani ilisikika, “Mama, chupa ya mlinzi ndiyo isimamishe malori matatu? Waambieni tu wauguzi wasiweke kitu kwenye hiyo kona!”

Bi Kipande alisimama. Kwa kawaida huongea ameketi. “Chanjo iliyoganda ikiyeyuka, kwa macho ni ileile. Muuguzi hataijua. Mtoto atachomwa sindano, atalia, mama yake ataambiwa mwanao amekingwa, atarudi nyumbani ameshukuru. Na mtoto hajakingwa. Hakuna atakayetulaumu, maana hakuna atakayejua. Ndiyo sababu majokofu yanashuka leo.”

Mkurugenzi akauliza swali ambalo kila mtu alikuwa akilisubiri. “Kosa hili ni la nani?”

“Langu,” akasema. “Nilikunja kitambaa chenye mfuko upande mmoja. Nilihesabu nusu, na haikuwa nusu.”

Mimi nilikuwa mwisho wa meza. Kwenye mapaja yangu kulikuwa na mchoro wa jokofu lile.

Hapa ndipo ninapotaka kusema kwa kalamu yangu kile nilichoshindwa kukisema kwa mdomo wangu siku ile. Bomba lilisogezwa na mimi. Fundi wa mabomba alikuwa amenifuata kunieleza kwamba pale katikati linagongana na mguu wa kompresa, ile mashine ya kupoza, naye alisema kweli. Nikalisogeza kushoto, nikatia saini, nikaacha nakala mpya mezani kwa Bi Kipande. Chini ya kila mchoro kuna safu ya kuandika mabadiliko. Sikuijaza. Ilikuwa Ijumaa, nilikuwa na haraka ya kumpokea shemeji yangu kituo cha mabasi, nikajiambia Jumatatu nitaandika. Jumatatu ikaja na mambo yake. Yeye alichukua nakala mpya akidhani ni ileile ya awali, imechapwa upya.

Kikao kilipoisha nilimfuata. Nilimkuta stoo, katikati ya makatoni ya mpira wa milango, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, analia. Hakulia kwa sauti. Alikuwa anafuta uso kwa kitambaa cha kichwani. Ameniambia nisiache kuandika hilo: kwamba aliogopa, kwamba alijua anaweza kufukuzwa kazi na mtoto wake wa kwanza alikuwa karibu kuanza chuo.

Nikamwambia, “Dada, lile bomba nililisogeza mimi.”

“Najua. Saini yako si ipo chini?”

“Mbona hukusema?”

Alifuta macho. “Ningesema, wangeanza kukuuliza wewe. Uliandika lini, ulimwambia nani, kwa nini. Wakimaliza kukuhoji, malori yameshafika njiani. Mimi nilikuwa na saa moja tu, mdogo wangu, nikaitumia kwa majokofu. Halafu, mchoro ulikuwa mezani kwangu. Macho ni yangu.” Akasimama, akajipangusa sketi. “Lakini ile safu ya mabadiliko utaijaza mpaka uzeeke. Hata ukibadilisha nukta.”

Nilitaka kwenda kwa mkurugenzi siku ileile. Alinikataza: kwanza tumalize kutengeneza, mengine baadaye. Ikafika ile baadaye, nikaona kimya ni kitamu, nikanyamaza. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha miaka kumi na mmoja, na katika miaka yote hiyo hajawahi kunikumbusha hata kwa utani, ingawa kwa utani hamwachi mtu. Mkurugenzi, kama unasoma hapa, ofisi yangu unaijua.

Majokofu yote arobaini yalishushwa jioni ile. Mkurugenzi hakumfukuza. Alivua koti, akasaidia kushusha la mwisho. Bi Kipande akaliingiza jokofu zima kwenye kompyuta, kushoto na kulia, juu na chini, kona zote nane, bila kukunja chochote. Hesabu ilichukua siku tatu. Ikatuonyesha ile kona kwa rangi ya buluu iliyokoza, kana kwamba mtu ameimwagia wino. Dawa yake ikawa ubao mwembamba wa plastiki kando ya ukuta wa kushoto, na nafasi ya vidole viwili nyuma yake hewa ipite. Kazi ya siku ishirini na nne, majokofu sitini na mawili, na yeye mwenyewe akiwa pamoja na mafundi, glavu mkononi, akifungua na kufunga. Safari hii vipimajoto viliwekwa ishirini na vinne ndani ya jokofu, na kona iliyokuwa baridi kuliko zote ilisoma nyuzi tatu na nusu. Afande aliombwa rasmi aweke chupa yake kila kona, siku nne mfululizo. Aliifanya kazi hiyo kwa heshima kubwa na hadi leo anajiita mkaguzi.

Baada ya hapo Bi Kipande aliandika kitabu chetu cha mwongozo wa kuchagua umbo. Wahandisi kumi na wanne wamefunzwa nacho. Ukurasa wa kwanza hauna hesabu. Una mchoro wa jokofu lile, na chini yake maneno yake: “Hapa nilikosea. Kabla ya kukata nusu, shuka chini ukakione kitu chenyewe, ukizungushe, ukishike.” Watu wa cheo chake makosa yao huyaweka kabatini. Yeye aliyapiga chapa, nakala hamsini.

Mafanikio mengine nitayataja kwa kifupi, maana amenitisha kwamba sifa zikizidi Ijumaa ataondoka kabla ya kula. Tanuri la mikate alilolisanifu upya linatumia theluthi mbili tu ya kuni za mwanzo. Boila la hospitali aliloligundulia ufa kwa kutazama tu picha za kompyuta lilizimwa siku mbili kabla ya ukaguzi, na ufa ukakutwa mahali pale pale alipoweka kidole. Amegombana na idara ya ununuzi mara nyingi kuliko siku za mwaka. Hataki kuharakishwa, na ukimharakisha anapunguza mwendo makusudi. Tumegombania dirisha miaka kumi na tisa, yeye anataka lifunguliwe, mimi lifungwe, na sasa nimeshinda, wala sioni raha ya ushindi wenyewe.

Jumanne iliyopita wahandisi wetu vijana walikuwa wanajadili tanuri jipya, kubwa kuliko yote tuliyowahi kutengeneza, ambalo mfano wake wa mabati umeshaundwa karakanani. Nusu au zima? Walibishana robo saa, kisha kwa mazoea wakageuza vichwa kumwelekea. Bi Kipande akafunga daftari lake.

“Jumatatu mtamuuliza nani?”

Halafu binti mmoja, mhandisi wa mwaka wa pili hapa kwetu, akachukua tochi. Mwingine akamfuata, kisha wote. Tuliwasikia kule karakanani wakigonga mabati, mmoja ameingia mpaka ndani ya tanuri, mwingine anamwambia aangalie kichwa. Walirudi na masizi hadi viwikoni. “Zima,” wakasema. “Bomba la moshi limekaa upande mmoja.” Bi Kipande alikuwa ameshachukua mkoba wake na kwenda kula. Hakungoja jibu.

Dada, tunakushukuru. Tunamshukuru pia fundi cherehani wetu, aliyekukopesha kwetu miaka yote hii, na watoto waliokula chakula kilichopoa kwa sababu mama yao alikuwa anapigania joto la watu wengine. Umetuambia mipango yako: kulala hadi saa tatu asubuhi, kujifunza kuogelea, na kwenda kukaa kwa dada yako mkubwa mwezi mzima badala ya zile siku tatu zako za kila mwaka. Kalale. Kaogelee. Kakae hadi dada yako akuchoke. Mungu akupe afya ya kuyamaliza yote hayo na mengine ambayo hujayapanga, na kila nyumba utakayoingia ikupokee vizuri, kama ulivyotupokea sisi tukiwa hatujui kitu.

Mimi mdogo wako nakuaga kwa neno nililokuwa nikidaiwa: lile kosa lilikuwa langu. Ahsante kwa kunibebea.